Tangi la Zahanati ya Itulo

Mkono ukirefuka, mzigo huongezeka. Mmeisikia leo sokoni, mama mmoja akimwambia mwanawe aliyeahidi kuwasaidia watu wa vijiji vitatu kwa mara moja, nanyi mmekuja kuniuliza mzigo huongezekaje bila mtu kuongeza kitu. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia hukuhuku kwetu milimani.

Palikuwa na dereva wa winchi aitwaye Lugano. Winchi yake ilikuwa ile ya magurudumu, inayotembea barabarani kama lori. Ikifika kazini hutoa miguu minne ya chuma ubavuni, ikajikita ardhini, ndipo mkono wake unyanyuke na kurefuka, kipande kikitoka ndani ya kipande. Chini yake alisimama Ambokile, mume wa Sekela, dada yake Lugano. Ambokile ndiye aliyefunga mizigo kwenye kulabu na kumwongoza shemeji yake kwa ishara za mikono, maana aliyeketi kwenye usukani haoni kila kitu. Walikuwa wamezoeana hata kutazamana tu kulitosha.

Lugano alikuwa hodari, ila neno hapana lilimshinda. Alipenda kushukuriwa. Aliyemwomba aje kuinua nguzo aliitikiwa, na wa ng'ambo ya mto akaitikiwa pia, siku ileile. Sekela alimwonya mara nyingi kwamba anajigawa mno. Lugano alicheka, akasema watu wakikuhitaji ndiyo heshima yenyewe.

Siku moja waliitwa kwenye zahanati ya Itulo kupandisha tangi la maji juu ya mnara wa zege, nyuma ya wodi ya wazazi. Asubuhi walilishusha tangi kwenye lori bila taabu. Winchi ilisimama karibu, mkono ukiwa mfupi, na chuma hata hakikulia. Kazi iliyobaki ilikuwa kuizungusha winchi hadi nyuma ya wodi. Njia ilikatiza shamba la maharage la Bibi Tumpe, jirani wa zahanati. Ingebidi kumwomba ruhusa, kutandika mbao na kujikita upya, na jua lingekuwa limeshaegemea magharibi. Lakini jioni hiyohiyo Lugano alikuwa ameahidi kwenda kuinua mapaa ya kanisa la Masebe.

Akaamua kubaki barabarani na kupitisha tangi juu ya paa la wodi. Ambokile akapanda hadi mlangoni pa kibanda cha dereva.

"Shemeji, tusogee," alisema. "Hapa ni mbali."

"Si tangi lilelile la asubuhi? Limeongezeka nini?"

"Tangi ni lilelile. Mkono ndio si uleule."

Lugano akamjibu kwamba watu wa Masebe wanangoja. Ambokile alimtazama kidogo, akashuka. Aliwaomba wauguzi wawazuie watu wasitoke kwa mlango wa nyuma, kisha akasimama kwenye kona ya wodi, anapoonekana na dereva na mnara pia, akainua mikono.

Tangi lilipaa vizuri. Lilipovuka paa, Lugano akaanza kuurefusha mkono kuufuata mnara. Kengele ya kuonya ikalia. Akaizima, kama alivyokuwa amezoea kuizima, akijiambia imebaki hatua ndogo. Ndipo kiti kikainama chini yake. Miguu ya upande wa pili ilikuwa imeachana na ardhi, na winchi nzima ilikuwa ikiufuata mzigo wake. Akaachia waya ili tangi lishuke kabla winchi haijaanguka juu ya wodi.

Wakati huohuo mama mmoja aliyejifungua aliwaponyoka wauguzi, akatoka kwa mlango wa nyuma, akifuata nguo alizoanika. Ambokile alikimbia akamsukuma. Tangi likatua, likabingirika, likamkuta yeye. Winchi, mzigo ulipoitoka, ikarudi kwenye miguu yake kwa kishindo, ikasimama wima, nzima.

Mama yule alipona. Ambokile alikatwa mguu juu ya goti.

Sekela hakumtukana kaka yake. Siku Lugano alipokwenda hospitalini, alimkuta dada yake amekaa kwenye benchi la nje, akamwuliza swali moja tu.

"Kaka, hao wa Masebe walikwambia lazima iwe siku ile?"

Lugano aliketi mwisho wa benchi. Alikumbuka maneno ya mzee wa kanisa: njoo siku yoyote utakayopata nafasi. Jioni ile aliichagua mwenyewe.

Baadaye alikwenda pia kwa Bibi Tumpe, hajui hasa anafuata nini. Bibi akamwambia kwa upole, "Mwanangu, maharage yale yalikuwa yamekomaa. Ungeniomba, ningeyang'oa nikakupisha." Lugano aliliona neno hilo zito kuliko matusi.

Ambokile aliporudishwa nyumbani, majirani walikuja kumpa pole, na Lugano akakaa miongoni mwao, karibu na mlango. Mmoja akauliza ilikuwaje tangi lililobebwa kirahisi asubuhi liishinde winchi ileile mchana. Ambokile alijibu bila kumtazama shemeji yake:

"Halikuongezwa hata tone la maji. Mkono ukirefuka, mzigo huongezeka."

Watu wakaitikia kwa vichwa, wakidhani anazungumzia winchi. Lugano aliinamisha uso. Yeye alijua anayezungumziwa ni mtu.

Aliendelea na kazi, maana hakujua nyingine. Alijifunza kusogea karibu, na kuwaambia watu, "Wiki hii siwezi." Walipomshangaa aliwarudishia maneno ya shemeji yake, nao wakayachukua, yakasambaa hadi kwa wasiowahi kuona winchi. Lakini kila alipokaa kwenye usukani na kutazama chini apate ishara, aliona mikono ya mtu mwingine. Na kazi ilipokwisha, watu wakimshukuru, aliwasha injini na kuondoka bila kuitikia.

Kwa hiyo yule mama wa sokoni hakumgombeza mwanawe. Alimhurumia mapema. Mkono ukirefuka, mzigo huongezeka.