Maji ya Manjano

Wahenga hawakuwa na maabara, lakini walijua kuwa ngozi ya ngoma inayopigwa kwa vishindo haina siku nyingi. Kedibone Motsumi alikuwa na maabara, na hilo hakulijua.

Kazi yake na wenzake pale Rustenburg, Afrika Kusini, ilikuwa kutafuta unga wa kupaka kwenye bamba la chuma, ili umeme ukipita uyatenganishe maji na kutoa haidrojeni. Mzee Segale, fundi wa maabara, alikuwa na unga wake wa oksidi ya madini ya iridi. Ulitoa mapovu kwa mwendo wa kobe, ila ulikuwa umekaa majini miezi minne bila kuchoka. Wa Kedibone ulikuwa wa madini ya rutheni. Siku ya kwanza tu mapovu yalichemka kama chungu cha maharage, wenzake wakaacha chai kuja kuangalia.

"Rra, huo wako utajaza puto la mtoto tu," Kedibone alimtania, akimwita "bwana" kwa Kitswana.

"Puto langu litafika Krismasi, mwanangu. Lako je?"

Wafadhili wakatoa sharti: unga mmoja, saa mia tano, maji yale yale. Ukishindwa, maabara inafungwa. Kedibone alibishana siku mbili mpaka bamba la mzee likang'olewa mashineni, lake likapachikwa. Mzee alilifunga la kwake katika gazeti.

Kedibone alikuwa na mazoea. Mwaka mzima, kila asubuhi, alipaka bamba jipya na kumwaga maji ya jana, maana maji safi humpa mtu vipimo vya kujivunia. Hakuwahi kujiuliza alikuwa akimwaga nini.

Siku ya tatu ya jaribio maji yaligeuka manjano. Siku ya sita yakawa rangi ya chai, na mshale wa mita ya gesi ukaanza kushuka.

"Labda ni kutu ya bomba, Rra."

"Bomba la plastiki lina kutu gani? Huo ni unga wako. Unayeyuka."

"Basi turudishe wako. Nakuomba."

"Masharti ulisoma wewe mwenyewe, ukatusomea na sisi. Unga mmoja."

Kedibone aliketi mbele ya mashine kama mtu aliyeketi kando ya mgonjwa asiye na dawa. Siku ya nane, mchana kweupe, povu la mwisho lilipanda, na baada yake hapakuwa na kitu. Alilia bila kujificha. Wenzake kumi na mmoja walikuwa wamemwamini, na wote walikuwa wakikusanya vikombe vyao vya chai.

Mzee Segale alipokuja na kufuli, alimkuta ameshika chupa ya yale maji.

"Yamwage, mwanangu, twende."

"Haya siwezi, Rra. Kazi yangu yote imo humu."

Akatoka nayo kifuani, na mlango ukafungwa nyuma yao. Hakika, ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka.