Siku Tatu za Muhogo

Mama mmoja alikuwa na mabinti wawili, Somoe na Esha. Kila mwaka wa njaa, watu waliwaendea wawafundishe kuandaa muhogo mchungu, ule wenye sumu, unaoua usipolowekwa sawasawa.

Esha, mdogo, alikuwa mtu wa kuuliza. Aliingia majikoni mwa watu, akavuta kigoda, akaonja walichopika, akachungulia mitungi yao. Akirudi maneno yamemjaa tele. Ukimwachia afundishe yeye, mtu aliondoka hajui aanze kumenya au kuloweka. Somoe ndiye aliyemsikiliza, akachuja, akapanga: hili kwanza, lile baadaye, lile liache. Somoe alimwita mdogo wake mbea, naye Esha akamwita jemadari, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Siku njema zile! Hakuna mwanafunzi wao aliyeumwa hata tumbo.

Kisha Esha akaolewa ng'ambo ya Ruvuma. Somoe akabaki na upangaji wake, na kigoda kitupu jikoni ambacho hakupenda kukitazama.

Mwaka huo, njaa ilipoingia tena, walihamia watu kutoka milimani, waliozoea kula mahindi, wasioujua muhogo ule. Somoe aliwakusanya uwanjani akawafundisha kwa ufupi: menya, loweka siku tatu, anika, twanga. Hata mtoto angeyakariri. Alirudi nyumbani kifua mbele, na jambo moja tu lilimsikitisha, kwamba hapakuwa na wa kumtania.

Wiki haikuisha, binti mdogo wa Mama Ndimbo, mmoja wa wale wageni, akaanguka akitapika, macho yamemgeuka. Somoe alifika mbio, akatia mkono katika kikapu cha muhogo ulioopolewa. Vipande vya muhogo vilikuwa vigumu kama vilivyotoka shambani. Akafoka: nani amewaambia waopoe mapema?

Mama Ndimbo alikuwa amempakata mtoto, tayari kumkimbiza zahanati. Alijibu bila hasira. "Jioni tuliyoloweka, moja. Kesho yake, mbili. Asubuhi tuliyoopoa, tatu. Mama, hukutuuliza kwetu tunahesabuje."

Somoe alijua nani angeuliza, tena siku ya kwanza, kabla hata ya salamu kwisha. Alimlilia mdogo wake pale pale, mbele za watu, bila haya.

Mtoto alipona, Mungu ni mwema. Somoe naye, pamoja na utu uzima wake, alianza kuingia majikoni mwa watu na kuuliza, kwa kusitasita, kama mgeni. Aliyoyasikia huko aliyachuja na kuyapanga upya. Siku hakuzitaja tena. Alisema: bonyeza muhogo, kidole kisipozama, urudishe majini. Wageni walielewa, na mwaka ule njaa ikapita bila msiba.

Basi ninyi mnaofundisha wenzenu, niambieni: sumu iliyomwangusha yule mtoto ilikuwa kwenye muhogo peke yake?