Siku Mbuke Alipomkaribisha Chamchela

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa upepo!
Upepo ukawa nani?
— Ukawa mgeni!
Na mgeni akifika?
— Apishwe, akae!

Basi kaeni. Aliye na mtoto ampakate, aliye na jembe aliweke chini.

Siku ile walikuwepo hawa, na nitawataja wote, asije mtu akasema nimemsahau. Alikuwepo Mbuke, mama kijana. Alikuwepo Shija, mtoto wake wa miezi kumi, aliyejua kutambaa na hakujua kuogopa. Alikuwepo Kalunde, mama mkwe wa Mbuke, mwenye meno manne na ulimi wa watu wawili. Alikuwepo jirani yao Lutonja, ambaye hakuwahi kumwazima mtu hata kijinga cha moto. Alikuwepo mbuzi wa Lutonja mwenye pembe moja, na kuku wa Kalunde aliyeatamia mayai tisa. Baba Shija hakuwepo. Alikuwa amekwenda kuchota chumvi kwenye ziwa la mbali, safari ya mwezi mzima.

Ni hao tu. Kitongoji chao kilikuwa na nyumba mbili, katikati ya nyika tambarare, bila kilima wala msitu wa kukinga upepo.

Mwaka ule mtama ulikubali. Nyumba zote mbili zilivuna, zikapura kwenye uwanja mmoja, na mtama ukalala hapo lundo kubwa kama kiboko aliyeshiba. Kazi iliyobaki ilikuwa moja tu: kuupepeta. Unainua ungo juu ya kichwa, unamwaga taratibu, upepo unachukua makapi, punje zinaanguka miguuni pako.

Lakini upepo uko wapi?

Siku ya kwanza Mbuke aliinua ungo, makapi yakaanguka pamoja na punje. Siku ya pili aliinua ungo, makapi yakaanguka pamoja na punje. Siku ya tatu hata jani halikutikisika. Na sisimizi walikuwa wameshaanza kuhamisha mayai yao. Mnajua maana yake. Mvua iko njiani. Mtama ukinyeshewa ungali na makapi yake, huota palepale uwanjani. Ukiota, Shija atakula nini?

"Vumilia, mwanangu," alisema Kalunde. "Upepo utakuja."

"Mtu asiombe upepo ovyo," alisema Lutonja kutoka kivulini mwake. "Atakuja usiyemtaka."

Kalunde alikumbuka. Alipokuwa msichana ulikuwepo mwaka wa chamchela saba. Walizunguka nyika nzima kwa siku moja, wakaezua nyumba kutoka magharibi hadi mashariki. Chungu cha maziwa cha mama yake kilikutwa mwendo wa nusu siku, kimesimama wima, na maziwa hayajamwagika. Nyumba yenyewe haikuonekana tena.

Ngojeni kwanza. Kuna jambo moja la Kalunde lazima mlijue, bila hilo ngano hii haisimami.

Kwake, mgeni akisema hodi, ataambiwa karibu. Na neno karibu likishatoka halirudishwi. Mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hilo mnalijua nyote. Ila zamani alikuja shemeji yake, akala siku mbili. Kabla hajapewa jembe, akaja mdogo wake shemeji, naye akala siku mbili. Halafu binamu yao. Halafu mjomba wa binamu. Kila mmoja akisema, "Mimi ndiyo kwanza nafika!" Walikula mwezi mzima! Kihenge kilipoanza kutoa mwangwi, Kalunde alisimama mlangoni akapiga kelele: "Kuanzia leo, ukoo mmoja, hesabu moja! Aliyetangulia amewahesabia wote!" Wakapewa majembe siku hiyohiyo, mpaka mjomba mwenye kitambi. Na hiyo ikawa sheria ya nyumba.

Haya. Tumefika mchana wa siku ya kwanza ya wageni.

Mbuke alikuwa ndani anasaga, macho kwenye jiwe. Mlango ukagongwa. Ko, ko, ko.

"Hodi!" sauti ilikwaruza.

"Karibu," alisema Mbuke bila kuinua kichwa.

Akaingia. Mrefu, mwembamba, kiuno cha nyigu, vumbi kuanzia utosini hadi unyayoni. Mkononi alishika manyoya ya kuku na kofia ya mtu. Alikaa kwenye kigoda, kigoda kikazunguka mara tatu.

"Mbuke!" Kalunde alinong'ona kwa hasira. "Umemkaribisha nani?"

"Sikumtazama, mama. Neno limeshatoka."

"Limetoka?"

"Limetoka."

Kalunde alivuta pumzi. "Basi mpe maji anawe. Hatutavunja desturi kwa sababu ya vumbi."

"Mimi ni Chamchela Mdogo," alisema mgeni. "Asubuhi nimeezua nyumba tatu. Nimekuja kuezua na hii. Lakini umeniambia nini pale mlangoni?"

"Nimekuambia karibu."

"Sijawahi kuambiwa hivyo. Mimi hurushiwa majivu. Hurushiwa visu. Hutukaniwa mama."

Mbuke alimtazama. Aliona midomo yake imepasuka kwa vumbi, kama ya mtoto aliyecheza juani kutwa.

"Umekula?" aliuliza.

Chamchela Mdogo hakujibu. Mnajua nyie, mtu aliyekula hujibu haraka.

Mbuke akasonga ugali, akachemsha kunde. Chumvi ilikuwa imebaki chembe za kukung'uta tu chini ya kibuyu, alizomwekea Shija. Alifikiri. Akakung'uta kibuyu chote kwenye kunde za mgeni. Mgeni akala, na alipokuwa anakula akaacha kuzunguka. Vumbi likamshuka taratibu, likalala miguuni pake kama mbwa. Usiku alilala pembeni mwa jiko, na hakuna kilichoharibika ila kawa moja.

Siku ya pili wingu jekundu lilitokea magharibi. Ndani yake alikuwepo Chamchela wa Kati, mnene, mwenye miluzi. Lutonja alimwona wa kwanza, akatoka na fimbo.

"Pita huko! Hapa hakuna chakula! Pita, pita!"

Mgeni gani anapenda maneno hayo? Paa la Lutonja liling'oka lote kwa mkupuo, kama mtu avuavyo kofia. Mbuzi akapaa. Alipita juu ya nyumba akilia mee, akitazama chini kama mwenye jambo la kuuliza.

"Karibu!" Mbuke alikimbilia mlangoni akipiga kelele. "Mgeni, karibu ndani! Ndugu yako yumo!"

Hapo ndipo alipomwona Shija. Shija alikuwa ametambaa nje kumfuata mbuzi. Yuko chini ya ukuta wa Lutonja, anacheka, na ukuta unayumba.

Mbuke alikuwa mbali. Lakini kuna aliyekimbia. Lutonja, ambaye kwa miaka yote Mbuke hakuwahi kumwona akiharakisha hata kuelekea chakula, alitupa fimbo, akakimbia, akajilaza juu ya mtoto akamfunika kwa mwili wake wote. Ukuta ukaanguka. Pu!

Vumbi likatanda.

Kisha kutoka chini ya udongo ikasikika sauti ya Lutonja: "Mama Shija, mtoto wako ananivuta ndevu."

Mbuke alicheka na kulia kwa pamoja. Jioni ile alimkanda jirani yake mgongo kwa mafuta, na Lutonja akalala nyumbani kwa Kalunde, yeye, na chamchela wawili walioshiba, na kuku na mayai yake tisa. Chumba kilijaa. Hakuna aliyelalamika, maana hata Kalunde ulimi wake ulikuwa umechoka.

Siku ya tatu ndiyo siku yenyewe.

Mbingu zilipata rangi ya nyongo. Masikio yaliziba. Kuku alifumba macho juu ya mayai. Likaning'inia kutoka mawinguni dude jeusi kama mkonga wa tembo, likagusa nchi, na lilipogusa pale, ulisikia kama ng'ombe elfu wanapita juu ya ardhi kavu. Huko mbali paa za watu zilionekana hewani, ndogo kama majani ya chai.

Huyo ndiye Chamchela Mkubwa. Huyo hapigi hodi.

Lutonja alishika nguzo. Kalunde alishika nguzo nyingine. Mbuke alimfunga Shija mgongoni kwa mbeleko, mafundo mawili, akashika ungo wake, akatoka mpaka uwanjani, mbele ya lundo la mtama.

"Karibu!" alisema.

"SIKUPIGA HODI," alisema Chamchela Mkubwa. "Nimekuja kuchukua wadogo zangu. Na nyumba hii. Na lundo hilo."

"Ndugu wa mgeni hahitaji kupiga hodi. Wadogo zako wamelala kwetu."

Yule akacheka, kisima kikakauka. "Ala! Basi nami ni mgeni. Desturi zenu nazijua. Mgeni ni siku mbili, na mgeni hanyimwi. Leo nitakula nusu ya lundo, kesho nitakula nusu iliyobaki. Siku ya tatu nitakuwa nimeshaondoka. Utanipa jembe hewani?"

Mmesikia? Amejua kweli, mjanja huyo! Mbuke alilitazama lundo. Alimsikia Shija akihema shingoni mwake. Kisha akamkumbuka shemeji, na mdogo wake shemeji, na binamu, na mjomba mwenye kitambi.

"Mgeni wangu," alisema, "umehesabu vibaya. Leo si siku yako ya kwanza. Leo ni siku yako ya tatu."

"Nimefika sasa hivi!"

"Mdogo wako alifika juzi. Na nyumba hii ni ya mama mkwe wangu, na kwa mama mkwe wangu..."

"UKOO MMOJA, HESABU MOJA!" Kalunde alilipuka kutoka mlangoni kwa meno yake manne yote. "Aliyetangulia amewahesabia wote! Waulize shemeji zangu!"

Chamchela Mkubwa aliwageukia wadogo zake, waliotokea nyuma ya Kalunde. "Ni kweli mmekula hapa?"

"Tumekula," alisema wa Kati.

"Kwa chumvi?"

"Kwa chumvi," alisema Mdogo, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Na ilikuwa ya mwisho, kaka. Ya mtoto. Nilimwona akikung'uta kibuyu."

Chamchela wana aibu kidogo, lakini wanayo. Yule mkubwa alisimama, na vile aliposimama, ng'ombe elfu wakanyamaza.

"Kazi yenyewe ni ipi?" aliuliza.

"Jembe la kukutosha hatuna," alisema Mbuke. "Shika ungo."

Mara ya kwanza alipuliza, mtama wa ungo mzima ukaenda zake, punje na makapi, mpaka leo haujarudi. Mara ya pili alipuliza, nusu ikaenda, nusu ikabaki.

"Taratibu, kaka," alisema Mbuke. "Hujawahi kumpoza mtoto uji? Hivi." Akamleta Shija mbele, akampuliza kwenye paji la uso, fuu. Shija akafumba macho akatabasamu.

Chamchela Mkubwa alikunja midomo yake myeusi. Mara ya tatu akapuliza. Fuu. Makapi yakaondoka. Punje zikaanguka miguuni pa Mbuke, nyeupe, safi, zikilia kama mvua.

Walipepeta wote watatu mpaka jua likainama. Mdogo alipepeta, wa Kati alipepeta, Mkubwa alipepeta, na Kalunde alikaa kwenye kigoda akiwasimamia: "Pale umeacha! Na pale! Kijana, hukulelewa?"

Walipomaliza, Lutonja aliingia kwenye kifusi cha nyumba yake, akafukua, akatoka na kibuyu. Kilikuwa kimejaa chumvi mpaka shingoni. Hakumtazama mtu usoni.

"Ilikuwepo siku zote, Mama Shija," alisema. "Niliona unakung'uta chako, nikanyamaza. Chukua."

"Umeshanipa, Baba," alisema Mbuke. "Jana, chini ya ukuta." Lakini alichukua, maana kumkatalia angemwumiza. Akawafungia wageni chumvi ya njiani kwenye jani, kila mmoja fungu lake.

Kwa heshima hiyo Chamchela Mkubwa alifika mpaka lilikotupwa lile paa la Lutonja, akalirudisha, akaliweka juu ya nguzo. Aliliweka upande upande, mchirizi wa mvua ukatazama mlangoni. Juu yake alikuwepo mbuzi, mzima, anatafuna nyasi. Lutonja hakuligeuza paa lile maisha yake yote. Wapita njia wakimwuliza, alisema, "Fundi wangu anaishi mbali." Kisha aliwakaribisha uji.

Mvua ilinyesha kesho yake asubuhi, na mtama ulikuwa kihengeni. Mayai tisa yakatoa vifaranga tisa. Na hata leo, mkiona chamchela mdogo anapita kwenye uwanja wa kupuria, mtazameni vizuri: haezui kitu, anaokota makapi tu, halafu anaenda zake.

Ngano yangu nimeipepeta. Punje chukueni nyinyi, makapi niachieni mimi.

— Na Shija, mama? Shija je?

Shija alianza kutembea mvua zilipokatika.