Chumvi Iliyokataa Kanuni

Wapendwa, mfano wa leo una kemia ndani yake. Msiogope, hakuna mtihani.

Kulikuwa na mwanakemia mmoja kule Ujerumani, zamani, watu walipoanza kuichunguza kemia kwa vipimo vya fizikia. Yeye alipima baridi. Ukiyeyusha kitu ndani ya maji, maji hayagandi upesi. Yanataka baridi zaidi. Zaidi kiasi gani? Akapata kanuni. Sukari ikaitii. Pombe ikaitii. Chumvi ya mezani ikakataa: ilitaka baridi karibu mara mbili ya hesabu.

Akabadilisha kipimajoto. Akaisafisha chumvi. Akamlaumu hata aliyeosha vyombo, naye ni yeye mwenyewe. Jibu lile lile.

Na kesho yake alitakiwa kuitetea kanuni mbele ya maprofesa. Ikikubaliwa, anapewa uprofesa, ikikataliwa, anafungasha.

"Chumvi iache nje," mkewe akamwambia. "Nani atauliza?"

"Yule mzee anayekaa mbele. Huyo huuliza mpaka jina la bibi yako."

"Basi mwambie hukuwahi kuipima."

"Mke wangu, nimeipima mara arobaini!"

Ninyi mngefanyaje? Semeni kweli, tuko kanisani.

Kesho yake akasimama mbele ya maprofesa. "Nimepima chumvi mara arobaini," akasema. "Hapo kanuni yangu inashindwa, na sijui kwa nini."

Yule mzee akavua miwani. "Wewe arobaini? Mimi sitini. Miaka tisa nimeyafungia majibu kabatini, nikidhani mikono yangu ndiyo michafu."

"Hata mimi!" sauti ikatoka nyuma. "Na mimi!" Watu wazima wakaanza kucheka kama waliovuliwa viatu vinavyobana. Wakaleta madaftari, wakalinganisha, na hatimaye wakaelewa: chumvi ikiingia majini hugawanyika vipande viwili, na kila kipande kinahesabiwa. Kanuni ilikuwa nzima. Na uprofesa akapata.

Je, sisi? Tunaulizana pale mlangoni, "Habari za nyumbani?" "Nimebarikiwa, mtumishi!" Kumbe wiki ya pili hii hatusemezani na mume. Na aliyeuliza naye kwake ni hivyo hivyo. Tumejaa humu, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake aliyeharibika. Nani alitudanganya kwamba Mungu anasubiri majibu yaliyosahihishwa?

Leo baada ya ibada, mtu akikuuliza habari za nyumbani, usijibu upesi. Chai ipo ya kutosha.