Hati Iliyolala Sandukuni

Mtu mmoja alikuwa na kihamba mlimani, shamba la migomba na kahawa alilorithi kwa baba yake, na alikuwa na watoto watatu. Jina lake Elikunda. Wanawe wawili wa kiume alishawakatia sehemu zao, mmoja upande wa juu, mwingine upande wa chini. Mipaka ilijulikana kwa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo watu wa huko huipanda mpakani, na ambayo jani lake mtu hulishika mkononi anapokwenda kuomba radhi. Sehemu ya katikati ilibaki yake mwenyewe.

Binti yake, Aikande, alikuwa ameolewa mbali. Mumewe alipofariki, ndugu wa mume wakachukua nyumba, naye akarudi kwao na begi moja. Elikunda alimpokea njiani, akalibeba lile begi mwenyewe, mzee wa miaka sabini na ushei, akakataa katakata kusaidiwa. Wiki ile ile akamwonyesha sehemu ya katikati, iliyokuwa tupu baada ya migomba yake ya zamani kung'olewa, akamwambia alime hapo. Hakusema zaidi.

Lakini alifanya zaidi. Alikwenda ofisi ya kijiji akaandikisha hati kwamba sehemu ile ni ya Aikande, yeye na uzao wake. Akatia saini, mwenyekiti akashuhudia. Mtendaji wa kijiji akamweleza kilichobaki: majirani wa pande zote mbili wasimame mpakani na kutia saini, kisha hati ipelekwe masjala ya ardhi wilayani, iandikwe kitabuni na kupigwa muhuri. Majirani wenyewe walikuwa wanawe wawili. Hapo ndipo alipokwama. Kwa desturi yao binti harithi kihamba, na mzee huyu aliyelea watoto watatu bila kuyumba aliogopa macho ya wanawe. Akaikunja hati, akaiweka sandukuni chini ya suti aliyokusudia kuzikwa nayo. Mtoto anajua nampenda, akajiambia, na siku yangu ikifika watafungua sanduku wataiona. Sisi wazee ni hodari sana wa kujifariji.

Ikapita miaka tisa. Aikande alilima vizuri kuliko kaka zake, ila alipanda maharage tu. Msimu kwa msimu, maharage. Bakuli la kwanza la kila mavuno alimpelekea baba yake, yamepikwa kwa ndizi kama apendavyo, na ndizi zenyewe amezinunua sokoni. Mzee alikula, lakini ndizi zile zilimkaa kooni. Mtu gani anaishi kihambani ananunua ndizi? Akaanza kumnung'unikia moyoni. Huenda haijali zawadi yangu, akawaza. Huenda anataka kuondoka.

Basi siku moja akachimba mche mzuri wa mgomba, akampelekea. Aikande akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akauchukua akaenda kuupanda mlangoni kwa baba yake.

Mzee alishindwa kujizuia. "Kwa nini hukuupanda kwako?"

Aikande alikuwa bado anashindilia udongo kwa viganja. Akasema bila uchungu wowote, "Baba, maharage ni ya miezi mitatu. Mgomba unataka mtu anayejua kwamba mwakani atakuwepo."

Elikunda aliingia ndani, akafungua sanduku. Nondo walikuwa wamekwisha kutoboa mkunjo wa hati, lakini jina la binti yake lilisomeka. Akalisoma. Akaketi kitandani na suti ya maziko mapajani, akalia, kwa sababu aliona sasa kwamba kwa miaka tisa mwanawe alikuwa ameishi kama mgeni katika mali yake mwenyewe.

Asubuhi yake akateremka wilayani, akitumaini watampigia muhuri kimyakimya, mambo yaishe. Karani wa masjala, binti mpole, alimwamkia, akampa kiti, akapekua kitabu mara mbili. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba humo kitabuni Aikande hayupo, na kwamba pasipo saini za majirani hawezi kumwandika. Akamkunjia hati yake vizuri, akamrudishia.

Mzee akapanda mlima. Jumamosi akawaita wanawe na binti yake mpakani, na mtendaji akaja na wino wake. Elikunda akachuma majani mawili ya masale, akampa kila mwana jani lake. Akawaambia wazi kwamba sehemu hii ni ya dada yao, kwamba ameandika hivyo miaka tisa iliyopita, na kwamba anaomba radhi kwa kuwaficha, na kwake yeye Aikande zaidi ya wote.

Ombeni, mwana mkubwa, alilitazama jani. Halafu akamtazama dada yake. "Baba," akasema, "sisi tulikuona humwambii kitu, tukadhani wewe ndiye uliyemhesabu mgeni." Akachukua kalamu akasaini, na mdogo wake akasaini chini yake. Baba na wanawe walikuwa wamejiandaa kwa ugomvi ambao haukuwepo, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

Hati ilipotoka wilayani na muhuri wake, Elikunda alimsomea Aikande neno kwa neno, akirudia pale penye jina. Aikande alichukua jembe, akaenda mlangoni kwa baba yake, akaung'oa ule mche na udongo wake, akaupanda katikati ya shamba lake. Mwaka uliofuata mzee alikula ndizi za mkungu wa kwanza, na hazikumkaa kooni.

Nawe unayesema kwamba mwanao anajua unampenda, kwamba mkeo anajua, ndugu yako anajua: mbona mpaka leo wanapanda maharage?