Taa Iliyopimwa Mchana

Mtu mmoja alikuwa na pikipiki na ng'ombe wachache wa maziwa, na nyumba yake ilikuwa juu mlimani, upande wa Rungwe, ambako ukungu hauondoki mpaka jua lipande. Jina lake lilikuwa Ambilikile. Kila siku kabla hakujapambazuka alifunga madumu manne ya maziwa nyuma ya pikipiki, yake na ya jirani zake, akaifuata njia inayozunguka kilima mpaka kituo cha kupokelea maziwa. Kazi hiyo haina kesho. Ukichelewa, gari linaondoka bila wewe na maziwa yanaganda mikononi mwako.

Katika njia hiyohiyo, alfajiri hiyohiyo, alipita kaka yake Gwamaka kwa baiskeli, akitoka kwake bondeni kwenda kuchuma chai. Mmoja akienda na mwingine akija, walikutana pale njia inapobana, upande mmoja ukuta wa udongo na upande wa pili korongo. Walikuwa watoto wa mama mmoja. Kwa miaka mingi walisalimiana pale bila kusimama, na salamu ile ya haraka iliwatosha mpaka jioni.

Ikatokea taa ya pikipiki ikaharibika. Nyuma ya taa kuna skrubu ndogo yenye springi. Ukiizungusha, taa inainama au inainuka. Uzi wa skrubu ile ulikuwa umelika. Taa ikawa inaitikia kila shimo, mara inatazama tairi, mara inatazama migomba. Ambilikile akafanya kama tunavyofanya wengi: alikata kipande cha tyubu, akakishindilia nyuma ya taa, akafunga na waya, akasahau. Aliyemkumbusha ni Gwamaka. Jumapili moja baada ya ibada alimwambia kwa upole kwamba taa yake inampiga machoni, na kwamba pikipiki ikishapita, yeye Gwamaka haoni njia kwa muda.

Ambilikile hakuwa mtu mbaya. Nataka mlielewe hilo, maana tukimfanya mbaya tutakuwa tumejitoa wenyewe katika mfano huu. Alikubali neno la kaka yake na siku ya pili akaamua kwenda kwa fundi. Ila alikuwa mtu nadhifu, na aliona haya kupeleka mbele za watu pikipiki iliyojaa matope na kunuka maziwa. Akangoja mchana, baada ya kushusha madumu. Akaiosha mtoni kwa sabuni, akaoga na yeye, akavaa shati safi. Fundi Lwitiko aliipokea ikimeremeta, akamsifu kwamba laiti wateja wote wangekuwa kama yeye.

Na fundi alifanya kazi ya kweli. Alitoa tyubu na waya, akaweka skrubu mpya na springi mpya. Akaiingiza pikipiki ndani ya banda lake la mabati, akafunga mlango kuwe na giza, akahesabu hatua kumi kutoka ukutani. Akaisimamisha kwa stendi, akachora mstari wa chaki ukutani, akazungusha skrubu kidogo kidogo mpaka mwanga ukatulia chini ya mstari. Kisha akamwita mwenye pikipiki aone mwenyewe. Waliona wote wawili. Taa ilikuwa sawa, na hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Kesho yake alfajiri madumu yalipanda tena mahali pake, na Gwamaka akapigwa machoni vilevile. Akasema tena. Ambilikile akaosha tena pikipiki, akaenda tena, na fundi akamwonyesha tena mwanga ukiwa chini ya mstari. Mara ya tatu Gwamaka aliposema, mdogo wake alikasirika. Mtu aliyekwenda kwa fundi mara mbili anajiona ametimiza haki yote, na lawama inayokuja baada ya hapo anaiona ni uonevu. Siku ya kikao cha ukoo, walipokaa kupanga harusi ya binti mmoja wa ukoo, alisimama mbele ya shangazi na wajomba akasema kwamba kaka yake anamwonea kijicho kwa sababu ya pikipiki, na kwamba fundi ni shahidi. Tangu siku hiyo salamu ya alfajiri ikafa.

Wala yeye mwenyewe Ambilikile hakuwa anaona vizuri. Aligonga mashimo yaleyale kila siku na kuwalaumu watu wa barabara. Mbele yake aliona majani ya migomba yakiwaka kijani, akadhani hiyo ndiyo taa kali.

Gwamaka naye alitafuta njia ya kuishi na jambo lile. Kila aliposikia mlio wa pikipiki alishuka kwenye baiskeli, akasogea ukingoni, akafunika uso kwa mkono mpaka mdogo wake apite. Hivyo ndivyo alivyompisha kwa miezi mitatu. Ambilikile hakujua, kwa kuwa mwanga wake ulikuwa juu na kaka yake alikuwa chini.

Masika yakaingia, na ukingo wa korongo ukalowa. Alfajiri moja Gwamaka alishuka kama kawaida, akasogea kama kawaida, akafunika uso. Udongo ukakatika chini ya miguu yake. Alianguka na baiskeli yake mpaka kwenye mawe, akaita, lakini mlio wa injini ulikuwa mkubwa kuliko sauti yake. Ambilikile akapita. Siku hiyo alifika kituoni mapema kuliko wote, na alimshukuru Mungu.

Wanawake waliokuwa wakienda shambani ndio waliosikia kilio. Ambilikile aliporudi, jua limeshatoka na madumu ni matupu, alikuta watu wamembeba mtu kwenye machela ya miti na vitenge. Alipoutambua uso alitupa pikipiki chini. Alilia kwa uchungu, kisha akauliza kwa hasira ni nani aliyemfanyia kaka yake hivi. Hasira ile ilikuwa ya kweli. Angetajiwa mtu, angemfuata siku hiyohiyo. Wale wanawake walitazamana, wakatazama chini. Paja la Gwamaka lilikuwa limevunjika na midomo yake ilikuwa myeupe, lakini alimshika mdogo wake mkono, akasema, "Mdogo wangu, rudi kwa fundi. Ila safari hii uipeleke pikipiki kama ilivyokuwa uliponipita."

Neno hilo lilimwingia kuliko tusi. Kesho yake alfajiri alikamua, akajaza madumu manne, akayafunga nyuma ya pikipiki. Lakini alipofika njia panda hakwenda kituoni, alikwenda kwa fundi. Akakaa mlangoni pa banda mpaka Lwitiko alipofika na kufungua. Fundi alishangaa kumwona vile, magoti yana tope na maziwa yamemtiririkia hadi kwenye tairi, akamwambia ashushe mzigo kwanza ili kazi iwe nyepesi. Ambilikile akakataa. Akaiingiza pikipiki ndani, hakuisimamisha kwa stendi, akaikalia mwenyewe na madumu yote yakiwa nyuma yake. Shokapu za nyuma zikajikunja, nyuma ikashuka, na pua ya pikipiki ikainuka. Fundi akafunga mlango, akawasha taa.

Kwenye mstari wa chaki hapakuwa na kitu. Mwanga ulikuwa juu kabisa, kwenye mabati ya paa.

Fundi Lwitiko alikaa chini juu ya tairi bovu. Naye alikuwa amethibitisha mara mbili kwamba taa ile ni sawa. Hatimaye aliinuka, akachukua bisibisi, akaizungusha skrubu ileile aliyoiweka mwenyewe, mizunguko minne, mwanga ukashuka chini ya mstari. Hakukuhitajika kipuri wala ufundi mpya. Ilikuwa kazi ya muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai, na ingeweza kufanywa miezi mitatu kabla. Maziwa ya siku ile yaliganda yote, na jirani zake wakanung'unika, naye hakujitetea.

Alfajiri iliyofuata aliona njia. Aliyaona mashimo na kuyakwepa. Alipofika pale panapobana aliona ukingo uliokatika, akaona nyayo nyingi za mtu mmoja zilizokanyaga mahali pamoja, siku baada ya siku, hadi pakawa pameingia ndani. Alizima injini akasimama pale mpaka kulipokucha. Baadaye aliitisha ukoo, akasimama mbele ya shangazi na wajomba walewale, akasema yeye ndiye. Gwamaka alimsamehe; mimi naamini alikuwa amemsamehe hata kabla ya kuanguka, maana asiyesamehe hampishi mtu njia kwa miezi mitatu. Lakini mguu haukurudi kunyooka. Hakupanda baiskeli tena, na shambani kwenye chai mahali pake palichukuliwa na mtu mwingine.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu ana ukuta wake wenye mstari wa chaki, na tukisimama mbele ya ukuta ule sisi sote tuko sawa, na shahidi tunaye. Mimi ninayesema nanyi nimeutegemea ukuta wangu kwa miaka mingi, na naona uchungu nikikumbuka. Kwa hiyo sikuulizi habari za fundi wako wala za shati lako. Nakuuliza hivi: kati ya watu uliowapita wiki hii, ukiwa umebeba yote unayoyabeba, ni yupi unayeweza kwenda leo kumwuliza aliona nini, ukanyamaza mpaka amalize kujibu?