Radhi Mbili za Bi Tima

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya majini na wafalme, nasema zamani ya juzi tu, palikuwa na mji wa watalii ukiitwa Kitangani. Wageni walikuja kuota jua, wenyeji wakawafulia, wakawapikia, wakawachezea ngoma. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Kisha msimu mmoja wageni wakaacha kuja, na hakuna aliyekuwa ametufundisha mwenyeji afanye nini. Basi tegeni masikio, na mwenye jibu alishike mpaka niulize.

Katika mtaa wa Mlangoni aliishi mjane, Bi Tima. Miaka thelathini alipiga pasi mashuka ya hoteli, mashuka ambayo hakuyalalia hata usiku mmoja. Kwa pasi ile, yeye na marehemu mumewe walijenga nyumba ya mawe, chumba baada ya chumba. Mume akafa, nyumba ikabaki, na Bi Tima akawa na ombi moja tu kwa Mungu: asitolewe mle ndani ila kwenye jeneza.

Alikuwa na mtoto wa kumzaa, Fumo. Alikuwa na mtoto wa kumlea, Mbwarali, aliyeachwa yatima na dada yake. Na ng'ambo ya kichochoro alikuwa na shoga yake, Bi Mwanaesha, ambaye walicheza pamoja tangu wote wawili hawajui kujifunga leso. Washikeni hao watatu. Wote walimpenda, na hapo ndipo palipo pabaya.

Fumo alianza. Alimwambia mama magoti yako yamekwisha, tuongeze vyumba vinne vya wageni, wewe ukae barazani upokee salamu. Benki ikataka hati ya nyumba iwe rehani. Bi Tima hakuuliza swali la pili. Alitia dole gumba pale alipoonyeshwa, akamrudishia mwanawe karatasi, akamwombea dua. Vyumba vikajengwa, vikapakwa chokaa, vikatandikwa. Msimu ule ndio ambao wageni hawakuja.

Benki ikaandika barua. Fumo akaificha chini ya godoro. Ikaandika ya pili, akaificha. Ikaandika ya tatu, nayo ikaenda palepale. Mama alikuwa na ugonjwa wa presha, na daktari alionya asishtuliwe, basi kila alipouliza habari za benki aliambiwa mambo yanakwenda vizuri. Na huku Bi Tima alikuwa na shamba la minazi alilorithi kwa babake, na siku zile wanunuzi walikuwapo bado. Angeambiwa, angeliuza, na benki ingenyamaza. Hakuambiwa. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na kilio kilikuja Jumanne asubuhi, mtu wa benki alipobandika tangazo la mnada mlangoni. Bi Tima hajui kusoma. Alimwita Mwanaesha amsomee, na Mwanaesha alisoma nusu, akashindwa kuendelea. Shamba lilitangazwa siku ileile, lakini nani wa kununua minazi katika mji wenye njaa?

Sasa sikilizeni desturi ya Mlangoni. Nyumba ya jirani ikinadiwa, mtaa mzima huenda mnadani, wake kwa waume, na kila mtu hufunga mikono mgongoni. Hapana anayepandisha bei juu ya msiba wa mwenzake. Mnadi akikosa mnunuzi hurudi zake, na mwenye nyumba hupata pumzi. Desturi hiyo iliwafaa wazee wetu walipokopa kwa wenye maduka, kwa kuwa mwenye duka ni jirani na jirani huona haya. Sisi tukadhani benki nayo huona haya.

Mnada wa kwanza, mnadi akapiga kengele. Nani anaanza? Mikono mgongoni. Mnadi akaondoka.

Mnada wa pili, bei imeshuka nusu, mnadi akapiga kengele. Nani anaanza? Mikono mgongoni. Mnadi akaondoka, na watu wakapongezana kwa kahawa na kashata.

Fumo hakunywa kahawa. Kabla ya mnada ule wa pili alikuwa amekwenda kumpigia magoti Bi Mwanaesha. Mwanaesha ndiye aliyeshika akiba ya chama cha kina mama wa mtaa, akiba ya miaka kumi na miwili, na kwa bei ile ya nusu ilitosha kuinunua nyumba na kumrudishia mwenyewe. Wanachama walikwisha kukubali, walingoja neno lake tu. Naye akakataa.

"Nusu ya mtaa huu iko rehani, mwanangu," akamwambia. "Mkono nitakaouinua mimi leo kwa wema, kesho mtu atauinua kwa tamaa, na atasema kafundishwa na Mwanaesha."

Mnada wa tatu haukuwapo. Mbwarali, yule mtoto wa kulelewa, alikuwa dalali. Kazi yake ilikuwa kununua nyumba zilizotwaliwa na benki, kuzipaka rangi na kuwauzia au kuwapangisha wageni wachache waliobaki. Hakwenda kusimama mnadani na watu. Aliingia ofisini kwa meneja, akatia sahihi, akatoka na nyumba ya Bi Tima kwa bei ya kutupa, bei aliyotengenezewa na mikono ya mgongoni. Akapaka kuta nyeupe. Akatundika kibao, Vila Tima, maana wageni hupenda jina la kienyeji. Na kabla ya mwaka kwisha, nyumba nyingine nne za Mlangoni zikanunuliwa vivyo hivyo na watu waliokuwa wakiogopa kuwa wa kwanza.

Mbwarali akampa Bi Tima chumba cha uani akae mpaka siku yake. Bi Tima akakikataa, akajisitiri kwa majirani, na mwaka ulipokwisha akafunga virago aende bara kwa binamu yake. Na kwetu anayehama huagana kwa radhi. Hushika mkono wa kila anayebaki, akamwambia nimekuwia radhi. Asiyepewa hubaki na mzigo wake mpaka kaburini. Gari limekwisha kupakiwa, wale watatu wakaja.

Fumo akasema, "Mama, niliweka nyumba rehani ili upumzike, na barua nilizificha ili uishi. Ungesomewa zile barua, leo ningekuwa na nyumba, sina mama."

Mwanaesha akasema, "Shoga yangu, mimi sikulinda mlango wako peke yake, nililinda ya mtaa mzima. Umeona mwenyewe, desturi imevunjwa na mtu mmoja, nyumba nne zimekwenda."

Mbwarali akasema, "Mama mdogo, hawa waliona haya, lakini mwenye hoteli aliyeitaka nyumba hii hakuona haya. Alikwisha kuchora ramani, pale sebuleni kwako achimbe bwawa la kuogelea. Nusu shari kuliko shari kamili. Nyumba imesimama, na chumba kipo."

Bi Tima akawatazama kwa zamu. Alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa na kelele.

"Wewe Fumo, nyumba yangu iliungua ukanifungia dirisha nisione moshi. Wewe Mwanaesha, ulikuwa na maji, ukayahifadhi kwa moto wa watu wengine. Wewe Mbwarali, ulingoja moto uzimike, ukaja kuokota mabati. Chumba cha uani unachonipa ndicho nilichokulaza wewe ulipokuja yatima, na sikukuambia kuwa ni wema. Nimeutafuta moyo wangu, nimepata radhi za watu wawili. Ya tatu sina."

Akamshika mkono mmoja wao, akamwia radhi. Akamshika wa pili, akamwia radhi. Wa tatu alinyoosha mkono, na mkono ukabaki vile vile mpaka gari lilipopinda kona.

Mimi nilikuwapo, na nilimwona. Simtaji. Na asiniambie mtu kwamba mwenye kosa ni benki, kwa kuwa benki haikuja kuomba radhi. Walikuja watatu waliompenda. Basi niambieni ninyi: aliyeficha barua, aliyeficha mkono na aliyenunua nyumba, nani alistahili kunyimwa?